Elias Howe, mtu wa nyuzi mbili: alipata mshono wa mashini, akakosa chakula, kisha akashinda tribinalini

Tarehe 10 Septemba 1846, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda kazi za wavumbuzi ilimpa Elias Howe hati namba 4750. Alikuwa na miaka 27, bibi, watoto watatu, na mfukoni hakuwa na kitu. Hati hiyo ilitambua kuwa ni mali yake ile namna ya kushona kwa sindano yenye tundu karibu na ncha, inayotumika pamoja na chombo kinachopitisha uzi wa pili upande mwingine wa nguo. Leo mashini nyingi za kushona, kuanzia zile za pedali kwenye baraza za Bukavu, Goma na Butembo mpaka zile za umeme katika viwanda vikubwa vya Asia, zingali zinafunga nyuzi mbili kwa namna hiyo.

Watu wengi wanajua jina la Singer, juu limeandikwa kwenye chuma cha mashini. Jina la Howe halisikiki sana. Na wanaolijua wanasema mara nyingi kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuvumbua mashini ya kushona, jambo ambalo si kweli. Katika inchi ya Ufaransa, fundi wa nguo Barthélemy Thimonnier alipata hati yake mwaka wa 1830, na mashini zake zilikuwa zinashona nguo za waaskari mjini Paris kabla ya mafundi wenzake kuzivunja mwaka wa 1831, wakiogopa kupoteza kazi. Lakini mashini ya Thimonnier ilitumia uzi mmoja tu, uliojishika wenyewe kama mnyororo. Mshono wa namna hiyo una ugonjwa wake: ukikata mwisho wake vibaya na kuuvuta, unafumuka wote. Howe alileta nyuzi mbili zinazofungana ndani ya kitambaa, na hapo mshono ukashika.

Mtoto wa shamba na kinu

Howe alizaliwa tarehe 9 Julai 1819 katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima, na pia alikuwa na kinu. Shamba halikutosha kulisha nyumba yenye watoto wanane, kwa hiyo hata wadogo walitumika. Elias akiwa na miaka sita alikuwa anakaa na ndugu zake wakichomeka meno ya waya ndani ya vipande vya ngozi, vile vinavyotumiwa kuchana pamba. Kazi ya vidole, ya kurudia-rudia, mchana kutwa. Mwili wake haukuwa na nguvu na alichechemea kidogo, kwa hiyo kazi ngumu ya shamba haikumfaa.

Mwaka wa 1835, akiwa kijana wa miaka 16, akaenda Lowell, mji wa viwanda vya nguo, kujifunza kutengeneza mashini za kufuma. Miaka miwili kisha, matatizo makubwa ya feza yakafunga viwanda katika Marekani na Howe akapoteza kazi. Akahamia Cambridge, akatumika pamoja na binamu yake Nathaniel Banks, kijana ambaye baadaye atakuwa kiongozi wa baraza la wabunge la Marekani na jenerali wa vita. Toka hapo akavuka kwenda Boston, kwa bwana Ari Davis, fundi wa vyombo vya mabaharia na vya watu wa sayansi.

Ni katika karakana ya Davis ambako jambo lilianza. Siku moja wateja walikuja na wazo la mashini ya kufuma soksi. Davis akawauliza kwa nini wasumbuke na soksi wakati mtu atakayepata mashini ya kushona atakuwa tajiri. Aliyasema kama maneno ya kupitisha wakati. Kijana aliyekuwa anapiga tupa pembeni hakusahau.

Mwaka wa 1841 Howe akamuoa Elizabeth Ames. Watoto watatu wakafuatana, na mshahara wa dola 9 kwa juma haukutosha. Inasimuliwa kwamba bibi yake alikuwa anashonea watu nguo usiku ili kuongeza kitu ndani ya nyumba, na kwamba Howe, akirudi amechoka mpaka hana nguvu ya kula, alilala kitandani akiangalia mkono wake unavyopanda na kushuka.

Kosa la kuiga mkono

Kuangalia mkono huo ndiko kulikompoteza kwanza. Howe alitaka mashini ifanye sawasawa na mtu: sindano iingie, ipite nguo yote, irudi. Alitengeneza sindano yenye ncha pande mbili na tundu katikati. Miezi mingi ikapita, vipande vya chuma vikatupwa, na mshono ulikuwa mbaya.

Katika mwaka wa 1844 akaachana na mkono wa bibi yake na kukumbuka Lowell. Mashini za kufuma hazikuiga mtu. Zilikuwa na naveti, kile chombo kidogo cha mfano wa mtumbwi kinachorushwa huku na huku kikibeba uzi. Basi, kama sindano haitapita nguo yote, bali itaingiza ncha yake tu na kurudi, na kama tundu litakuwa karibu na ncha hiyo, upande wa pili wa nguo utabaki na kitanzi kidogo cha uzi. Naveti ipite ndani ya kitanzi hicho na uzi wake. Sindano ikirudi, kitanzi kinakazwa, na nyuzi mbili zimefungana katikati ya kitambaa.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba tundu hilo alilipata ndotoni, alipoona mikuki yenye matundu kwenye ncha. Hadithi ni tamu, lakini mtu aliyekaa miaka kati ya mashini za kufuma hakuhitaji ndoto ili kumfikiria naveti.

Kazi hii ilihitaji vyuma, na vyuma vilihitaji feza. George Fisher, rafiki wake wa Cambridge aliyekuwa muuzaji wa makaa na kuni, akakubali kuikaribisha jamaa yote nyumbani kwake na kutoa dola 500, ili apate nusu ya faida kama hati itapatikana. Howe akapanda chumba cha juu chini ya paa la Fisher na kutumika wakati wote wa baridi. Mwezi wa nne 1845 mashini ikashona. Mwezi wa saba ikashona suti mbili za sufu, moja ya Fisher na moja ya Howe mwenyewe.

Kwa macho ya leo mashini hiyo ni ya ajabu. Sindano ilikuwa imepinda kama upinde na ilipiga kwa upande, siyo kutoka juu kwenda chini. Nguo haikulala kwenye meza. Ilining'inizwa wima kwenye bamba lenye misumari midogo, na bamba ndilo lililotembea. Bamba likifika mwisho, ilibidi kusimamisha kazi, kutoa nguo, kurudisha bamba na kupanga upya. Ilishona mstari ulionyooka tu. Kwenye kona haikujua kitu. Kukata nyuzi mwisho wa mshono ilikuwa kazi ya mtu na makasi yake, na kwa sababu nyuzi sasa zilikuwa mbili, moja kila upande wa nguo, kulikuwa na mikia miwili ya kukata.

Mashindano na mlango uliofungwa

Ili watu waamini, Howe alipeleka mashini yake katika kiwanda cha nguo cha Quincy Hall, Boston. Wakachaguliwa wanamama watano, washonaji wenye mikono ya haraka. Kila mmoja alipewa mshono mmoja. Howe alichukua mishono mitano peke yake. Sindano yake ilipiga mara 250 kwa dakika. Alimaliza wa kwanza, na waliokuwepo wakakubali kwamba kazi yake ilikuwa safi pia.

Hakuna aliyenunua.

Sababu zilikuwa wazi na hazikuwa za kijinga. Mashini moja ilikuwa na bei ya karibu dola 300, na mwenye kiwanda angehitaji nyingi. Haikuweza kushona nguo nzima. Na mafundi wa Boston walisema waziwazi kwamba itawanyang'anya mkate. Mtu anayeishi kwa sindano hakuwa na lazima ya kushangilia. Wasiwasi huo ulikuwa umekwisha kumsimamisha Mmarekani mwingine kabla ya Howe: Walter Hunt wa New York, ambaye karibu mwaka wa 1834 alitengeneza mashini ya nyuzi mbili yenye sindano ya tundu kwenye ncha. Alipotaka binti yake aanze nayo biashara, binti alikataa, juu ya wanawake washonaji ambao wangebaki bila kazi. Hunt akaiacha bila kuomba hati. Jina lake litarudi tribinalini.

Fisher alikuwa amekwisha kutoa karibu dola 2,000 na hakuona hata senti moja ikirudi. Akachoka. Howe na jamaa wakarudi nyumbani kwa baba yake.

London, mahali pa madeni

Katika mwezi wa kumi 1846 kaka yake Amasa akapanda merikebu kwenda Uingereza na mashini moja. Mjini London akakutana na William Thomas, mwenye kiwanda cha korseti, miavuli na viatu. Thomas akanunua mashini pamoja na haki ya uvumbuzi katika Uingereza kwa pauni 250, akaandikisha hati ya Uingereza kwa jina lake mwenyewe. Kwa mtu asiye na kitu, pauni 250 ni nyingi. Kwa kile alichouza, zilikuwa ndogo sana.

Thomas akamuita Elias mwenyewe aje kurekebisha mashini ili ishone korseti. Howe akafika mwaka wa 1847, bibi na watoto wakafuata. Kwa miezi karibu nane alitumika kwa mshahara. Mashini ilipokwisha kurekebishwa, wakagombana na akajikuta barabarani katika inchi ya wageni. Rafiki mmoja, fundi wa magari ya farasi, alimkopesha kidogo na kumpa mahali pa kutumikia. Howe akairudisha jamaa yake Marekani mapema, kabla ya feza ya tiketi kuliwa na chakula. Yeye akabaki kutengeneza mashini nyingine, akaiuza kwa bei ya kutupa. Mwishoni akaweka rehani mashini yake ya kwanza na hata makaratasi ya hati yake, ili apate njia ya kurudi.

Alishuka New York mwezi wa nne 1849. Habari ilimngoja: Elizabeth alikuwa anakufa kwa kifua kikuu kule Cambridge. Howe hakuwa na feza ya safari, akangoja mpaka baba yake alipotuma dola 10. Alifika akamkuta angali hai, lakini si kwa siku nyingi. Siku ya maziko alivaa suti ya kuazima. Mtu aliyeshona suti mbili kwa mashini ambayo dunia haijaona, hakuwa na nguo ya kuzikia bibi yake. Kisha ikaja habari kwamba merikebu iliyobeba vyombo vyao vya nyumbani kutoka Uingereza imezama.

Vita vya makaratasi

Wakati Howe alikuwa anateseka London, Marekani ilikuwa imebadilika. Mashini za kushona zilikuwa zinaonyeshwa kwa watu na kuuzwa. Wavumbuzi wengine walikuwa wamezifanya bora kuliko yake, na zilikuwa na kitu kimoja cha kufanana: sindano yenye tundu kwenye ncha na uzi wa pili chini ya nguo.

Hapa ndipo inapoonekana kitu ambacho Howe alikuwa nacho kwa kweli. Mashini yake yenyewe ilikuwa haiuziki, lakini aliushika mshono. Mtu yeyote aliyetaka kuuza mashini nzuri ya nyuzi mbili alilazimika kupita juu ya hati namba 4750. Kwanza ilibidi kukomboa makaratasi kutoka rehani ya London, na dola 100 zikatafutwa kwa ajili hiyo. Halafu avoka. George Bliss akanunua ile nusu ya Fisher na kukubali kulipa gharama za kesi, ila akataka shamba la mzee Howe liwe dhamana. Kama Elias angeshindwa, baba yake angefukuzwa shambani.

Aliyempinga kwa nguvu zaidi ni Isaac Singer, mtu wa maneno mengi aliyepata kuwa mchezaji wa tamthilia, na ambaye mwaka wa 1851 alipata hati ya mashini yake. Lazima kusema kweli juu ya Singer: mashini yake ilikuwa ya kazi. Sindano ilinyooka na kushuka kutoka juu, nguo ililala kwenye meza, mguu uliikandamiza, na fundi aliweza kugeuza kona. Fundi wa leo akiiona ataitambua mara moja. Ile ya Howe ataizunguka akiuliza nguo inaingilia wapi. Lakini mshono ulikuwa ule ule.

Singer na avoka wake Edward Clark wakamtafuta Walter Hunt na kumtoa gizani. Kama Hunt alitangulia, walisema, basi Howe hana haki. Na kweli Hunt alitangulia. Lakini hakuomba hati kwa karibu miaka 20, na sheria ya Marekani haikumlinda mtu aliyeacha kazi yake kabatini wakati mwingine anahangaika kuifikisha kwa watu. Mwaka wa 1854 tribinali ya Massachusetts ilimpa Howe haki, na Singer akalipa dola 15,000. Kwa Hunt uamuzi huo ni mgumu, na mtu anaweza kumuonea huruma. Alikufa mwaka wa 1859, na leo anakumbukwa zaidi kwa pini ya usalama.

Hata hivyo kesi hazikuisha, juu kila mwenye kiwanda alikuwa na hati ya kipande fulani na kila mmoja alimshitaki mwenzake. Mwaka wa 1856 Orlando Potter, kiongozi wa kampuni ya Grover & Baker, akaleta wazo: waweke hati zote ndani ya mfuko mmoja. Kampuni tatu, yaani Singer, Wheeler & Wilson na Grover & Baker, zikakubaliana pamoja na Howe. Kila atakayetengeneza mashini atalipa ada, na Howe atapata dola 5 kwa kila mashini inayouzwa Marekani na dola 1 kwa kila inayopelekwa nje. Kati ya wote wanne, yeye peke yake hakuwa na kiwanda kikubwa. Kilichomleta mezani ni karatasi.

Feza ikaanza kuingia kama maji ya mvua. Hati ilipofika mwisho mwaka wa 1860 iliongezewa miaka saba, ingawa sehemu yake ilipunguzwa. Inakadiriwa kwamba kwa jumla alipata karibu dola milioni 2. Na mafundi? Hesabu za kampuni ya Wheeler & Wilson za wakati huo zilionyesha kwamba shati la mwanaume lililochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono lilichukua saa 1 na dakika 16 kwa mashini. Nguo zikawa rahisi na viwanda vikaongezeka, lakini kwa washonaji wa nyumbani, wengi wao wanawake maskini, bei ya kazi ya mkono ilianguka.

Tajiri aliyebeba barua

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Marekani, Howe alikuwa tajiri mwenye miaka zaidi ya 40 na afya mbaya. Angeweza kukaa nyumbani. Mwaka wa 1862 aliingia katika kikosi cha 17 cha jimbo la Connecticut, akiwa asikari wa kawaida bila cheo. Mguu na mwili wake havikumruhusu kutembea na wenzake, basi akapewa kazi ya posta: kubeba barua za waaskari. Serikali ilipochelewesha mishahara ya kikosi, Howe alitoa feza yake mwenyewe, wenzake wakalipwa, na serikali ikamrudishia baadaye. Nguo za waaskari wa pande zote za Kaskazini zilikuwa zinashonwa kwa wingi na mashini zenye mshono wake.

Mwaka wa 1867 maonyesho ya dunia ya Paris yalimpa medali ya dhahabu, na Ufaransa ikampa msalaba wa heshima wa Légion d'honneur. Hati yake ilifika mwisho tarehe 10 Septemba mwaka huo. Alifariki Brooklyn tarehe 3 Oktoba, siku 23 kisha hati kuisha. Alikuwa na miaka 48. Mjini Bridgeport, Connecticut, alipokuwa na kiwanda mwishoni mwa maisha yake, sanamu yake ingali imesimama. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka wa 1965, kikundi cha muziki cha Beatles kilipotoa filamu yao Help!, waliitoa kwa kumkumbuka Howe, labda kwa kuchekesha tu.

Mikia miwili

Mshono wa nyuzi mbili uliendelea, lakini naveti ilibadilika. Mwenzake Allen Wilson alipata kroshe inayozunguka, ile ndoano ya duara inayokamata kitanzi cha sindano na kukizungusha kando ya bobini. Mwendo ukaongezeka. Leo mashini ya kiwanda inaweza kupiga mara 5,000 kwa dakika, mara 20 kuliko ile ya Quincy Hall.

Hapo mikia ya nyuzi ikawa hasara. Kama mshono unachukua sekunde nne na kukata kwa makasi kunachukua mbili au tatu, fundi anapoteza theluthi ya siku au zaidi akikata. Jibu lilienea katika viwanda kwenye nusu ya pili ya karne ya 20, baada ya kupatikana mota zinazoweza kusimamisha sindano mahali panapotakiwa.

Kazi inakwenda hivi. Fundi anakanyaga pedali mbele ili kushona. Akimaliza, anaikanyaga nyuma kwa kisigino. Mota inapunguza mwendo na kuzungusha mara ya mwisho. Katika mzunguko huo sumaku ya umeme inasukuma kijiti mpaka kinagusa gurudumu lenye mfereji uliopinda, lililofungwa kwenye mhimili wa chini, na mfereji huo unaanza kusogeza kisu. Kisu kiko chini ya sahani ya sindano, mahali ambapo fundi hakioni. Wakati kroshe imefungua kitanzi cha uzi wa juu, ncha ya kisu inaingia ndani ya kitanzi na kukitenganisha: upande unaokwenda kwenye nguo inauchukua, upande unaokwenda kwenye sindano inauacha. Pamoja na hapo inachukua uzi wa bobini. Kisu kinaporudi, kinavuta nyuzi hizo mbili mpaka kwenye kisu cha pili kisichotembea, na zinakatwa pamoja.

Wakati huo huo chombo kinachokaza uzi wa juu kinalegezwa, ili sindano ibaki na mkia wa kutosha kuanzia mshono unaofuata. Sindano inasimama juu, waya mdogo unafagia mkia wake kutoka juu ya nguo, mguu unapanda. Yote haya hayafiki sekunde moja. Kama kisu kimekuwa butu, uzi mmoja unakatika na mwingine unabaki. Kama kinaingia kwenye kitanzi mapema au kwa kuchelewa, mkia wa juu unakuwa mfupi mno na sindano inapoteza uzi pale kazi inapoanza tena. Fundi wa mashini anayekuta ugonjwa huo anaangalia kwanza saa ya kisu kuingia, kabla ya kulaumu uzi.

Katika viwanda vingi, mwisho wa mstari wa kazi kuna meza ambako watu, mara nyingi wanawake, wanakaa na makasi madogo wakikata mikia iliyobaki kwenye nguo zilizokwisha. Kisu cha chini ya sahani kimepunguza meza hizo lakini hakijazimaliza, kwa sababu mashini za kupiga pindo, zinazoshona kwa nyuzi tatu au nne, huacha mikia yao wenyewe, na mteja hanunui shati lenye nyuzi zinazoning'inia.